Kata Mapema

“Kata mapema,” Baba aliniambia. “Usilisubiri.”

Tulikuwa tunapanda kutoka Mang'ola kwenda Karatu, magunia tisa ya vitunguu nyuma, jua linazama upande wa Ziwa Eyasi. Mbele yetu Fuso ilikuwa inashuka katikati ya barabara, vumbi lake limetanda mpaka mashambani. Nikakata kushoto kuipisha. Usukani ukazunguka, mkono wangu nikauona kabisa umeshuka, lakini gari likaendelea kwenda mbele kama vile sijaligusa. Nikaongeza. Hapo ndipo lilipokubali, na lilikubali kwa mkupuo: pua ikageukia mtaroni. Nikarudisha kulia, nalo likachelewa tena.

Fuso ikapita. Tairi la nyuma la kushoto likakanyaga ukingo wa mtaro, udongo ukamomonyoka, tukasimama.

Baba hakupaza sauti. Alikuwa amekaa kushoto kwangu, jicho limefunikwa kitambaa baada ya upasuaji wa mtoto wa jicho, mikono juu ya magoti. Nilipogeuka kumtazama niliona ile mikono inasogea. Kidogo tu. Kulia, kushoto, kulia, kama ya mtu anayeendesha.

“Gari halina tatizo,” alisema. “Linataka mkono wa mtu mzima.”

Ni wiki ya saba sasa, na maneno hayo hayajaniacha.

Mikono ile

Ni Land Rover 109, Series III, pikapu, la mwaka 1982. Baba alilinunua likiwa limeshachoka, mwaka 1998, nami nikiwa darasa la pili. Vitunguu, mahindi, mawe ya msingi wa kanisa, wagonjwa usiku, maharusi. Anayetoka huku kwetu hahitaji maelezo.

Ninachokumbuka kuliko vyote ni mikono ya Baba kwenye usukani. Haikutulia hata mara moja. Hata mahali palipo nyooka kabisa, ilikwenda kulia na kushoto bila kukoma, kama mtu anayechunga unga kwenye chekecheo. Mimi na kaka zangu tulipocheza magari ya waya tulitikisa usukani hivyohivyo. Kwetu huko ndiko kuendesha kulivyokuwa.

Miaka mingi baadaye nilikwenda kujifunza udereva Arusha. Siku ya kwanza mwalimu alinishika kifundo cha mkono. “Mbona unautetemesha? Gari linakwenda lenyewe, wewe lishike tu.” Nilitulia. Gari likanyooka. Nilishangaa, kisha nikasahau.

Sikujiuliza nilikojifunzia kutetemesha.

Fundi mmoja, wa pili, wa tatu

Baada ya ile Jumamosi nilimwambia Baba kwamba gari halitatoka tena mpaka litazamwe. Hakubisha, maana daktari alikuwa amemkataza kushika usukani kwa wiki nne. Alisema tu kwamba nitapoteza hela.

Kwa muda nilidhani alisema kweli.

Fundi wa kwanza, hapa hapa Karatu, aliinua gari kwa jeki, akashika tairi juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia. Akasema tairodi endi, vile viungo vya kwenye ncha za fimbo za stelingi, zimekwisha. Hakuwa amekosea. Series III ina sita: mbili kwenye fimbo inayotoka stelingi boksi, boksi la gia la usukani, kwenda mbele, mbili kwenye fimbo inayokatiza kwenda kwenye tairi, mbili kwenye tairodi yenyewe, fimbo inayounganisha tairi mbili za mbele. Nne kati ya hizo ukizishika kwa vidole zilicheza kama jino bovu. Tulibadilisha zote sita. Gari likawa afadhali kwa siku tatu, au mimi ndiye niliyetaka liwe afadhali.

Wa pili alisema ni alaimenti. Alipima kwa kamba na futi, akairekebisha tairodi mpaka nafasi kati ya tairi mbili za mbele ikawa nyembamba kwa mbele kuliko kwa nyuma, kwa kipimo kidogo mno. Baadaye nilijua kwamba kiwango cha gari hili ni milimita 1.2 hadi 2.4 tu, kwa hiyo alikuwa mwangalifu kuliko nilivyomdhania. Usukani bado ulicheza upana wa kiganja kizima kabla tairi hazijajua kuna mtu.

Wa tatu alifungua boneti, akatafuta skrubu ya kurekebishia stelingi boksi, akaikaza. Mchezo ukapungua papo hapo. Nilifurahi sana. Nilimlipa na kumuongezea ya soda.

Kesho yake, kwenye kona ya kwanza, nilikata, nikaachia mkono usukani urudi wenyewe kama unavyorudi kwenye gari lolote. Haukurudi. Ukabaki pale pale ulipoachwa, na gari likaendelea kukata kuelekea ukingoni mpaka nilipouvuta kwa nguvu. Ile skrubu ilikuwa imekazwa hadi boksi lenyewe linabana. Mchezo ulikuwa umefichwa tu. Sasa nilikuwa na gari lenye maradhi mawili badala ya moja.

Usiku ule ndipo niliposhika simu nikataka kuliuza.

Kilichonizuia si mapenzi ya gari. Nilijiuliza nitamwambia nini mnunuzi. Nikimwambia kweli, hatanunua. Nikimwambia “linataka mkono wa mtu mzima,” nitakuwa nimesema maneno ya Baba, na nimeshajua maana yake.

Swali la mzee wa Unga Limited

Nilishusha gari Arusha alfajiri ya Jumatatu, tupu, spidi ya baiskeli. Wanaoujua mteremko wa kushukia Mto wa Mbu, ule unaotazama Ziwa Manyara chini kama sahani, wataelewa kwa nini sitaki kuusimulia. Nisingelifanya hivyo tena. Kuna magari ya kubebea magari, na ningepaswa kulipia moja.

Fundi niliyeelekezwa ana gereji ndogo maeneo ya Unga Limited. Ni mzee, amevaa miwani iliyofungwa uzi. Nilimwamkia, nikamweleza yote: tairodi endi, alaimenti, skrubu. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuligusa gari. Kisha akauliza:

“Rilei mlitia oili lini mara ya mwisho?”

“Rilei gani, mzee?”

Akamtazama kijana wake wa kazi. Kijana naye akamtazama yeye.

Nimejifunza tangu siku ile, na nalieleza hapa kwa sababu najua bado kuna magari haya mengi mikononi mwa watu. Kwenye Land Rover za zamani, fimbo inayotoka stelingi boksi haiendi moja kwa moja kwenye tairi. Inakwenda mbele mpaka mbele ya rejeta. Hapo, ndani ya chuma kinachokatiza chesisi, kuna kopo la chuma lililosimama wima. Ndani yake mna shafti. Juu ya shafti kuna amu, mkono wa chuma, inayopokea kutoka kwa dereva. Chini kuna amu nyingine inayopeleka kwenye tairi. Hiyo ndiyo rilei ya stelingi. Kila unachokitaka kwa mkono kinapita pale. Mpangilio huo ulikuwapo tangu Land Rover ya kwanza ilipooneshwa Amsterdam mwaka 1948. Mwaka 1983 lilipotoka la 110 lenye springi za koili, rilei haikuwamo tena.

Hapo nikaelewa kwa nini mafundi watatu hawakuitazama. Wote ni vijana. Wamekua na 110, na Defender, na Land Cruiser. Hakuna aliyewahi kufundishwa kutafuta kitu ambacho magari aliyojifunzia hayana. Sikuwalaumu, na mpaka leo siwalaumu.

Mzee aliondoa grili, akanipa boksi nilalie, akaniambia niweke kidole kimoja kwenye amu ya juu, mkono mwingine niupenyeze chini nishike amu ya chini. Kijana akakaa kwenye kiti cha dereva.

“Tikisa,” mzee akamwambia. “Polepole.”

Amu ya juu ikaenda. Niliihisi kabisa, ikasukuma kidole changu. Amu ya chini ikabaki imelala kiganjani mwangu, baridi, haina habari. Nikahesabu moyoni moja, mbili. Ndipo ikashtuka na kwenda. Kijana akarudisha upande wa pili, na ikawa vilevile: ya juu imeshafika, ya chini bado inaamka. Katikati shafti nzima ilikuwa inainama kama mti kwenye udongo uliolowa, kisha ndiyo inazunguka.

Nililala pale chini nikimwambia arudie, arudie tena.

Kati ya mikono yangu miwili ndimo lilimokuwamo lile “kata mapema.”

Unga mwekundu

Kuitoa ilichukua siku mbili. Chuma na chuma vilikuwa vimeshikana kwa kutu ya miaka arobaini. Walimwagia dizeli ilale usiku kucha, wakagonga, wakapasha moto kwa gesi, wakagonga tena. Bolti mbili zilikatika.

Ilipotoka, mzee hakukubali mtu yeyote aifungue mpaka ameiviringisha ndani ya gunia na kulifunga kamba. Ndani ya rilei kuna springi ngumu iliyobanwa, na ikiachiwa ovyo inaruka na kuvunja mtu taya. Kazi yake ni kuzisukuma bushi, vile vikombe vinavyoizunguka shafti juu na chini, zikabane shafti, ili shafti isilegee, na ili tairi likigonga jiwe kishindo kisifike chote mkononi mwa dereva. Bushi hizo huishi ndani ya oili. Oili nzito, ile ya 90, inatiwa juu kwa kufungua bolti mbili: moja ya kumiminia, nyingine ya kutolea hewa. Ni kazi ya robo saa.

Alipofungua gunia hapakuwa na oili. Hapakuwa hata na dalili kwamba iliwahi kuwepo. Palikuwa na unga mwekundu mkavu, laini kama poda, na vipande vya bushi vilivyolika mpaka kimoja nilikivunja kwa kucha.

“Hii haikuharibika mwaka huu,” mzee alisema. Alipaka ule unga kwenye kidole gumba, akaunusa. “Wala mwaka jana. Nani alikuwa anaendesha?”

“Baba.”

“Mwambie nimemvulia kofia,” akasema, na hakuwa anatania. “Lakini mwambie pia Mungu amemhifadhi.”

Aliweka bushi mpya na springi mpya, akasafisha shafti, akailegeza ile skrubu ya stelingi boksi mpaka usukani ukarudi wenyewe. Nilirudi Karatu kwa mkono mmoja. Nilipanda ule mlima wa Mto wa Mbu nikilia, na sikuwa na hakika nalilia nini.

Siku mbili baadaye nikajua.

Daftari

Nyumbani mimi ndiye ninayeshika daftari la gari. Niliachiwa kazi hiyo nilipomaliza kidato cha sita, na hata baada ya kuhamia Arusha nimeendelea nayo: mafuta, spea, mzigo, mshahara wa dereva wakati tulipokuwa na dereva.

Nilifungua kuandika gharama ya rilei. Nikapekua nyuma kuona kama kuna mahali popote tulipowahi kuandika oili ya rilei. Hapakuwapo. Kuna oili ya injini, gia boksi, difu. Rilei haimo hata mara moja.

Nikiwa napekua hivyo nikafika Agosti 2016. Mwandiko ni wangu.

“Tarehe 9. Gari limeingia mtaroni njia ya Mang'ola. Uzembe wa dereva. Sh 350,000, makato 70,000 kwa miezi mitano.”

Nilifunga daftari. Nikalifungua tena.

Dereva huyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu wakati ule, ametoka kuoa. Alikuwa ameliendesha gari kwa mwaka mmoja na zaidi kidogo. Lilimwingia mtaroni likiwa na mzigo na utingo juu. Utingo alivunjika mkono. Alituambia: “Nilikata, likakataa.” Baba akasema gari hili amelitembeza tangu kijana huyo yuko chekechea na halijawahi kumkatalia. Mimi nilikuwapo. Nilikuwa nimekaa mezani na kalamu.

Hakuna aliyenishurutisha kuandika neno “uzembe.” Ningeweza kuandika “ajali.” Niliandika uzembe kwa sababu Baba alikuwa akipita njia ileile, na gari lilelile, kila wiki, salama. Ulikuwa ushahidi ulioonekana mzito sana.

Hiki ndicho kimenikosesha usingizi. Baba hakudanganya. Alikuwa anasema kweli kama alivyoiona: mikononi mwake gari halikuwa na tatizo. Kadiri zile bushi zilivyolika, nywele moja mwaka huu, nywele nyingine mwaka ujao, mikono yake ilijazia. Ilianza kukata mapema. Ikajifunza kutotulia, maana ikitulia gari linatangatanga. Yeye mwenyewe hakujua kwamba inafanya hivyo, kama usivyojua kwamba unachechemea mpaka mtu akutazame kwa nyuma. Ustadi wake ndio ulioficha ubovu. Na kila aliyekuja baada yake, asiye na mikono ile, alionekana hajui kuendesha.

Tulikuwa na madereva watatu kwa miaka yote hiyo. Wote tuliwaona wabovu.

“Mmeliharibu”

Wiki nne zikaisha, jicho likapona, Baba akataka ufunguo.

Nilisimama getini nikimtazama akitoka. Ninajua hili litaonekana dogo kwa asiyelijua gari. Land Rover ilitoka uani ikaingia barabarani, na mara ikaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kushoto. Mtu wa bodaboda akaipisha akapanda kwenye majani. Mama alitoka jikoni akauliza ana nini mzee, kwa sauti niliyoisikia nikajua anawaza kiharusi.

Alikwenda kama mita mia mbili akarudi. Akazima injini. Alikaa ndani muda mrefu.

“Mmeliharibu,” akasema. “Linaruka. Ukiligusa tu linaruka.”

Nilimwomba nikae naye. Akazungusha tena, na sasa niliitazama mikono. Ilikuwa inafanya kazi ileile ya miaka yote: kulia, kushoto, mapema, kabla ya kona. Zamani sehemu kubwa ya mtikiso ule ilikuwa inapotelea ndani ya rilei na tairi hazisikii. Sasa kila chembe yake ilikuwa inafika chini. Gari lilikuwa linamtii kabisa. Lilikuwa linatii hata yale ambayo hakujua kwamba anayaagiza.

Sikusema kitu. Nilikuwa nimejiandaa kwa wiki nzima jinsi ya kumweleza habari za daftari, na maneno yote yakanikauka. Anatimiza miaka sabini na mbili Desemba. Nilijiuliza kama ningeiacha ile rilei, Baba angebaki dereva bora wa njia ya Mang'ola mpaka mwisho wake. Nilijiuliza swali hilo kwa dhati na bado linanirudia. Kisha namkumbuka utingo na mkono wake.

Tulimpigia simu binamu yangu aje ajaribu. Yeye huendesha kosta, hajawahi kulishika gari letu. Akaenda na kurudi kwa mstari ulionyooka kama rula. Baba alikuwa amekaa upande wa kushoto, nami nyuma kwenye bodi nikiwaona kupitia kioo kidogo. Binamu mikono yake imelala tu juu ya usukani. Baba hakutazama barabara hata kidogo. Alitazama mikono.

Tulipoingia uani hakushuka. Alisema, bila kumgeukia yeyote:

“Kwa hiyo yule kijana...”

Hakuimaliza. Nikaenda ndani nikamletea daftari.

Kijiweni

Nilimtangulia Baba. Nilitaka kusema langu kabla Baba hajasema lake.

Siku hizi yule kijana ana bodaboda yake, anapaki karibu na stendi. Alinitambua kabla sijashuka. “Karibu dada,” akasema, akapangusa siti ya pikipiki nikae. Nilimweleza yote, rilei, unga mwekundu, neno nililoliandika. Sikumficha kwamba mwandiko ni wangu.

Kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa cha ufundi.

“Ilikuwa inalegea juu au chini?”

“Kote kuwili. Shafti nzima ilikuwa inainama.”

Akatikisa kichwa polepole. “Nilikuwa naisikia mkononi. Nilimwambia mzee mara mbili. Mara ya pili aliniambia nijifunze kwanza.” Aliutazama usukani wa pikipiki yake, akaukunja kushoto, akaurudisha. “Mimi nilidhani kweli sijui. Nililala siku nyingi nikiirudia ile kona, nikijiuliza nilikosea wapi.”

Nilikuwa na bahasha ya ile 350,000. Aliipokea kwa mikono miwili, hakuifungua, akaiweka ndani ya koti.

“Hela nashukuru,” akasema. “Lakini dada, hapa Karatu kila kampuni ya watalii niliyoomba kazi waliuliza huyu si ndiye aliyemwangushia mzee gari? Nimeomba miaka mitatu, nikaacha.”

Sikuwa na bahasha ya hilo.

“Hao nani atawaambia?” akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Alitaka kujua.

Nikamwambia nitaandika. Akasema niandike, ila jina lake nisiliweke, kwa sababu wanaohusika watamjua na wasiohusika hawana haja. Nimefanya kama alivyosema. Madereva wa Karatu mnaosoma hapa, mnajua ninamsema nani. Alisema kweli mwaka 2016. Gari lilikataa.

Njia ya Mang'ola

Baba alichukua siku tisa. Kwa siku hizo tisa alikuwa akienda uwanja wa shule jioni, watoto wakishatawanyika, anaendesha kutoka goli moja mpaka lingine. Mama alinisimulia kwa simu. Akianza anayumba, anasimama, anaweka mikono mapajani, anaanza upya. Siku ya sita au ya saba alifika goli la pili bila kuyumba, akakaa pale na taa zimewaka mpaka giza likaingia.

Siku ya kumi alikwenda stendi. Sikuwapo, na mengi ya siku ile nimeyapata kwa waliokuwapo. Walisema alishuka, akapokea shikamoo za vijana wote, kisha akamwita mmoja kwa jina lake kamili, mbele ya madereva waliokuwa wanasubiri abiria. Akamwambia: “Nilikukosea. Gari lilikuwa bovu na mimi sikulijua.” Akampa ufunguo.

Jumamosi iliyopita nilikuja kutoka Arusha kwa ajili ya mzigo, na tulikwenda Mang'ola watatu. Yule kijana anaendesha, Baba katikati, mimi mlangoni. Njia ni ileile, imejikunja kama bati, vumbi lilelile. Mikono yake mwanzoni ilikuwa migumu, ameukamata usukani kama mtu anayengoja kusalitiwa. Baada ya mashamba ya Oldeani ilianza kulegea. Baba alikuwa na mikono yake juu ya magoti, na niliiangalia njia nzima. Ilisogea mara mbili tatu. Kila ikisogea aliifumbata.

Tulipoanza kuteremka, Baba alinyoosha kidole upande wa kushoto, kwenye mtaro uliojaa majani makavu.

“Hapa ndipo,” akasema kwa sauti ndogo.

Kijana hakupunguza mwendo.

“Hapana, mzee,” akasema. “Ni pale mbele. Baada ya ule mgunga.”